Kusajili wakimbiaji wa timu ya chuo cha Kikristo: pointi, imani na pengo la ada

Swali limetoka kwa msomaji aliyeko Marekani:

"Mwalimu, nakusalimu katika jina la Bwana. Nimepewa kazi ya kocha msaidizi wa mbio za nyika katika chuo kidogo cha Kikristo hapa Kansas, kilicho chini ya NAIA, shirikisho la michezo la vyuo vidogo. Kocha mkuu amenituma nitafute wavulana watano wa kuanza Agosti mwakani, wawili au watatu watoke nyumbani Kenya. Fungu la ufadhili wa michezo nililopewa ni sawa na nafasi mbili kamili, nizigawe nionavyo. Nitampimaje kijana ambaye sijawahi kumwona akikimbia? Na kwa kuwa chuo ni cha Kikristo, nimuulize kama ameokoka, au nitakuwa nimevuka mpaka?"

Kocha mwenzangu, nami nakusalimu. Kabla hujampigia mtu yeyote simu, kaa chini na karatasi ya matokeo ya timu yako ya mwaka jana. Mbio za nyika za vyuo kila timu hukimbiza watu saba, na watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Nafasi walizomaliza hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wa sita na wa saba hawaingizi pointi, lakini wakimtangulia mtu wa timu nyingine wanamsukuma nyuma. Sasa tazama hesabu hii. Timu yenye nyota wawili wanaomaliza wa 1 na wa 2, kisha wenzao wa 30, wa 45 na wa 60, ina pointi 138. Timu isiyo na nyota hata mmoja, ikimaliza wa 12, 15, 18, 22 na 27, ina pointi 94. Nyota wawili wamepanda jukwaani kupokea medali, na kombe limekwenda kwa wengine.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mtu wako wa tano yuko wapi? Ikiwa watatu wako wa mbele wanakimbia kilomita 8 kwa dakika 25 na nusu hivi, na wa tano anakuja dakika mbili nyuma yao, fedha yako yote ukiimwaga kwa kijana mmoja wa dakika 24 hutaona tofauti kubwa ya kombe. Vijana wawili wa dakika 26, hata kama mmoja anatoka shule ya jirani hapo Wichita, watakushushia pointi nyingi zaidi. Makocha wengi wapya wanakosea hapa kwa sababu jina la Kenya lina uzito, na kocha mkuu anataka kumwona mtu akiongoza kuanzia mlio wa bastola.

Sasa kupima. Muda unaoletewa kwa WhatsApp hauna maana mpaka ujue umekimbiwa wapi. Eldoret iko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,100, na Iten inakaribia 2,400. Wichita iko mita 400 tu. Mita 5,000 za dakika 14:50 kwenye uwanja wa Kipchoge Keino, ukishusha yule yule kijana hadi Kansas akiwa mzima na amezoea joto, zinaweza kupungua kwa takribani nusu dakika. Kinyume chake, muda wa mbio za barabarani za kilomita 10 zilizoandaliwa kijijini, ambazo hakuna aliyepima njia, usiuandike hata kwenye daftari. Njia ikipungua mita 300, kijana wa dakika 31 anaonekana wa 30. Viwanja vya udongo navyo vina mambo yake: vingine havitimizi mita 400, na saa ni ya mkononi, imeshikwa na mwalimu aliyesimama mbali na mstari.

Ndiyo maana nafasi aliyomaliza inasema kweli kuliko muda. Uliza: michezo ya shule ulifika ngazi gani, kaunti, mkoa au taifa? Ulimaliza wa ngapi? Nani alikushinda, na kwa umbali gani? Ukiwa na majina ya watatu waliomtangulia unaweza kuyatafuta kwenye kumbukumbu za World Athletics, kwa sababu mmoja wao huenda ameshakimbia mbio zenye saa ya umeme. Omba video ya mbio nzima, si vipande. Katika video usitazame ushindi. Tazama mita 800 kabla ya mwisho, pale wenzake wanapobadilisha mwendo: anafanya nini na mabega yake? Anajibu, anasubiri, au anaachia? Tazama pia anavyofanya akishapita utepe akiwa wa tano. Kijana anayeshindwa na bado anageuka kumshika mkono aliyemshinda, huyo ukimweka kwenye basi la timu kwa saa sita hataliharibu.

Kuna vijana wa aina mbili watakaokuja mbele yako. Mmoja ana miaka 18, ametoka kidato cha nne, anakimbia kilomita 40 kwa wiki akiwa bwenini, na mita 5,000 anafanya 15:20 kwenye mwinuko. Mwingine ana miaka 23, yuko kambini Iten, anakula kilomita 150 kwa wiki, na anafanya 14:25. Karibu kila mtu atamchukua wa pili. Mimi nakushauri umtazame wa kwanza mara mbili. Wa pili ameshatumia sehemu kubwa ya alichonacho, na masomo ameyaacha miaka mitano. Pia kanuni zinaweza kukunyang'anya. NAIA inampa mwanariadha misimu minne, aitumie ndani ya mihula kumi ya masomo. Mashindano aliyoshiriki baada ya kumaliza sekondari yanaweza kuhesabiwa kuwa misimu iliyotumika. Upande wa NCAA, shirikisho la vyuo vikubwa, muda wa neema baada ya sekondari kwa riadha umekuwa mwaka mmoja, na unaozidi hapo humlia misimu. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka huo wenyewe na umwandikie ofisa wa kanuni wa chuo chako upate jibu kwa maandishi.

Mwambie kijana aorodheshe kila mbio alizokimbia tangu mtihani wa kidato cha nne: tarehe, mahali, nafasi, na fedha aliyopewa, hata kama ni shilingi 3,000. Usimtishe. Mwambie wazi kwamba zawadi iliyotajwa mapema hutafutiwa jibu, na iliyofichwa humfukuzisha. Siku hiyo hiyo ingia kwenye orodha ya watu waliofungiwa ya AIU, kitengo cha uadilifu cha riadha duniani, ambayo ni wazi kwa kila mtu, utafute jina lake na la kocha wake wa kambini. Ni kazi ya dakika tano.

Halafu majina. Hili linaonekana dogo na limechelewesha safari nyingi. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne, kina matatu, pasipoti imepindua mpangilio, na kwenye matokeo ya mbio anaitwa jina la utani la kambini. Kituo cha NAIA kinachothibitisha sifa za wanariadha, ofisi ya udahili na ubalozi, wote watataka mtu mmoja. Karatasi ya kwanza ya kumwomba ni picha ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na pasipoti zikiwa zimewekwa pamoja mezani, uone herufi kwa herufi na mwaka wa kuzaliwa. Tofauti ikipatikana Novemba, inarekebishika. Ikipatikana Juni, amekosa msimu.

Nije kwenye imani, maana naona ndiyo iliyokusumbua.

Kwanza jua chuo chako ni Kikristo cha namna gani, kwa sababu neno hilo moja limebeba vitu tofauti sana. Tazama KCAC, ligi ya vyuo vya NAIA hapo hapo Kansas: Bethel ni ya Wamennonite, Tabor ya Mennonite Brethren, Bethany ya Walutheri, McPherson ya Church of the Brethren, Kansas Wesleyan ya Wamethodisti, Sterling ina asili ya Kipresbiteri, Saint Mary ni ya Wakatoliki. Kati ya vyuo vya Kikristo Marekani vipo vinavyomtaka kila mwanafunzi atie sahihi ungamo la imani. Vipo vinavyotaka sahihi kwenye agano la mwenendo tu, na hudhurio la ibada kwa idadi fulani kila muhula. Na vipo ambavyo kanisa limebaki kwenye jina na kwenye jengo la ibada. Kocha asiyejua chuo chake kiko kundi gani atamdanganya kijana bila kukusudia.

Sasa, umuulize kama ameokoka? Kuvunja adabu si kuvunja, nyumbani swali hilo huulizwa hata kwenye matatu. Shida yake ni kwamba halikuletei jibu. Wewe umeshika ufadhili, yeye baba yake ana ekari moja ya mahindi. Atajibu "Ndiyo, nimeokoka" kabla hujamaliza kuuliza, na wote wawili mtakuwa mmeanza safari kwa neno lisilo na uzito. Muulize mambo yenye umbo. Jumapili ukiwa kambini unakwenda wapi? Kanisani kwenu umewahi kupewa kazi gani? Ukikosana na mwenzako wa chumba, huwa mnamalizaje? Kisha zungumza na mchungaji au padri wake, na mwalimu mmoja ambaye hapati chochote kijana akiondoka. Mwalimu wa bweni anajua mengi kuliko mwalimu wa michezo.

Baada ya hapo kazi inageuka: wewe ndiye unayepaswa kueleza. Mtumie kanuni za chuo zikiwa kamili, si muhtasari wako. Ibada ni ngapi kwa wiki na akikosa kunatokea nini, pombe, saa za kuingia bwenini, masomo ya Biblia yanayolazimu ili ahitimu. Mpe wiki nzima azisome na wazazi. Mweleze pia kwamba ibada ya chuo ya dakika arobaini, yenye gitaa na vijana wenye simu mkononi, haitafanana na kesha la kwao wala na kwaya ya Jumapili ya kanisa la AIC. Wengine hufika wakidhani Marekani ya Kikristo ni mkutano wa injili usiokwisha, na wakikuta mwenzao wa chumba hasali kabisa wanayumba.

Kama ni Mwadventista, uliza Sabato siku ya kwanza. Mbio za nyika za vyuo nyingi hukimbiwa Jumamosi asubuhi. Ukisaka Kisii na Nyamira utawakuta wakimbiaji wazuri walio Waadventista kweli kweli, na si haki kumleta mtoto maelfu ya kilomita ndipo achague kati ya ufadhili na dhamiri yake. Akikwambia hakimbii Jumamosi, mwelekeze kwenye chuo cha kanisa lake, umtakie heri. Mkatoliki au Mwislamu naye apewe maandishi ya chuo aamue mwenyewe. Usimjibie.

Na kuna neno moja nakusihi usilitamke kamwe: "Nimeomba, na Mungu amenionyesha kwamba wewe ni wetu." Katika nyumba ya Mkenya, neno hilo likitoka kwa mtu mwenye ufadhili mkononi, halina wa kulipinga. Mama atalia, baba atakubali, na kijana hatakuwa amechagua. Akija kuumia au kuachwa, atakayeonekana mwongo hapo si wewe peke yako.

Fedha sasa. Tuchukue mfano wa chuo ambacho mwaka mzima unagharimu dola 47,000: masomo 33,000, chumba na chakula 10,000, bima ya afya 2,000, vitabu na ada ndogondogo 2,000. Alama zake nzuri zimempa 14,000, chuo kimeongeza 4,000 za wanafunzi wa kigeni, na kanisa 2,000. Hapo ni 20,000, zimebaki 27,000. Ukimpa 12,000 za michezo na kumwandikia barua nzuri yenye neno "ufadhili", bado ana pengo la 15,000, yaani karibu shilingi milioni mbili za Kenya kila mwaka. Familia huona neno ufadhili, huuza shamba kwa nauli, na pengo hulikuta Januari kwenye ofisi ya malipo. Usidhani kazi ya chuoni itaziba. Viza ya wanafunzi, F-1, inaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo muhula ukiendelea, lakini mkimbiaji anayesoma hupata kama saa 10 tu kwa wiki. Kwa dola 7.25, ambayo ndiyo kima cha chini Kansas, wiki 30 zinamletea dola 2,175.

Kwa fungu lako, nafasi mbili kamili ni 94,000. Wakenya wawili wakizibwa pengo lote wanakula 54,000, na 40,000 zinabaki kwa Wamarekani watatu, ambao wenye uhitaji wanaweza kupata pia ruzuku ya serikali ya Pell, hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024 hadi 2025. Mkenya hana mlango huo. Ukileta Wakenya watatu, zimebaki 13,000 kwa wawili, na hapo mtu wako wa tano ameondoka. Basi chukua wawili, uwazibe kabisa. Nusu ufadhili kwa mtoto wa mkulima si nusu ya msaada, ni deni lenye barua ya pongezi. Na waambie wazi kwamba ufadhili wa michezo mara nyingi huandikwa kwa mwaka mmoja mmoja. Andika kwa maneno mepesi akiumia kinatokea nini, na kocha mkuu atie sahihi.

Chuo kikitoa I-20, fomu ya kumwombea viza mwanafunzi, kijana hulipa dola 350 za SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza, kisha mahojiano kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi. Ofisa anaangalia mambo mawili makubwa: nani analipa, na kwa nini utarudi. Kijana aliyekaririshwa majibu na wakala hukwama kwenye swali la pili. Mara nyingi anayekataliwa ni yule asiyeweza kusema kwa maneno yake atasoma nini na kwa nini chuo hicho. Basi mwache ajieleze kwako mara tatu kwa Kiingereza kwenye simu ya video, usimwandikie. Tangu Juni 2025 waombaji wameagizwa waache akaunti zao za mitandao wazi. Mwezi huo huo Warundi waliwekewa kizuizi cha viza za wanafunzi, na orodha imeendelea kubadilika, kwa hiyo ukisaka nje ya Kenya itazame kabla hujampa mtu tumaini.

Mawakala watakuja wenyewe. Ataandika mtu akisema ana vijana ishirini, na kila mmoja "atachangia kidogo". Baada ya sakata la 2023 la familia za Uasin Gishu zilizolipa fedha kwa ajili ya masomo ya Finland na Canada, wazazi wana haki ya kuogopa. Sema na mzazi moja kwa moja, kwa barua pepe ya chuo, na umwambie: hakuna shilingi inayolipwa kwa mtu binafsi, malipo yote ni kwa chuo, kituo cha NAIA, SEVIS na ubalozi. Siku utakayokabidhiwa wasichana pia, simu zote ziwe na mama au mwalimu wa kike. Tangu kuuawa kwa Agnes Tirop nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, mtu akijitambulisha kuwa yeye ndiye "kocha na msimamizi" wa binti wa miaka 18 na simu anaishika yeye, simamisha mazungumzo mpaka umsikie binti mwenyewe.

Kuhusu Sam Chelanga, ambaye kila kocha wa chuo cha Kikristo humtaja: ni kweli alishinda mbio za nyika za NCAA akiwa Liberty mwaka 2009 na 2010, na mwaka 2010 akakimbia mita 10,000 kwa 27:08.39. Lakini Liberty hakuanzia hapo. Alianza Fairleigh Dickinson kisha akahama. Liweke hilo kichwani unapopanga msimu wa kwanza, kwa sababu wengi hushuka kabla ya kupanda. Agosti ya Kansas inapita nyuzi 35 na unyevu juu yake, na kijana wa Iten hajawahi kutoka jasho namna hiyo. Anabadilisha chakula, analala usingizi pungufu, anasoma kwa Kiingereza cha haraka, na kufikia Oktoba miguu ni mizito. Mpime ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini, wiki ya kwanza na tena Oktoba, anza na theluthi mbili ya kilomita alizozizoea, na usimfungulie msimu mpaka katikati ya Septemba. Aprili, kwenye mbio za uwanjani, usimkimbize 1,500, 5,000 na 10,000 siku mbili mfululizo kwa ajili ya pointi. Mfupa wa ugoko hupasuka hivyo.

Na Krismasi, mabweni hufungwa wiki tatu au nne na jiko la chuo pia. Hapa ndipo chuo cha Kikristo kinapaswa kuwa na kitu ambacho kingine hakina. Kabla barua ya ufadhili haijatoka, tafuta familia moja ya kanisa kwa kila kijana, uwakutanishe kwa video, wajue jina lake na anachokula. Ukikosa familia mbili katika makanisa ya mji wenu, basi huna nafasi za Wakenya wawili mwaka huu.

Kalenda yako ni hii: majina kumi na mawili ifikapo mwisho wa Septemba, karatasi zote mezani kabla ya Desemba, matokeo ya KCSE ya watahiniwa wa mwaka huu yakitoka Januari uchague wawili, I-20 Machi, viza kabla ya Juni. F-1 haimruhusu kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya masomo, na mazoezi yanaanza katikati ya Agosti, basi nauli ikatwe mapema.

Wale kumi usiowachukua, wapigie simu Januari hiyo hiyo, mmoja mmoja, uwaambie hapana na sababu yake. Wengi wao watakuwa wameacha kuomba vyuo vya nyumbani wakikusubiri wewe.